Mitindo miwili chini ya paa moja: Jinsi ya kupatanisha mapambo ya nyumba bila kuvunja maelewano

NDOA inapokaribia, watu wengi huhesabu gharama ya mahari, karamu na kodi ya nyumba, lakini ni wachache wanaokumbuka kuhesabu viti. Kila mmoja wa wawili hao huja na vyombo vyake, kumbukumbu zake na mazoea yake kuhusu jinsi sebule inavyopaswa kuonekana. Siku ya kuhama, lori linapoteremsha mizigo ya pande mbili mbele ya mlango mmoja, ndipo swali linapozuka: Ni kipi kitakachoingia ndani, na ni kipi kitakachobaki nje?

Swali hilo huonekana dogo lakini lina uzito. Kiti kinachosukumwa kwenye roshani kipigwe na jua kina mwenyewe, na mwenyewe huyo anaona. Mtu anayeamka kila asubuhi katika nyumba isiyokuwa na alama yake yoyote huishi humo kama mgeni, hata kama ni yeye anayelipa nusu ya kodi. Kinyongo cha aina hiyo hakitajwi waziwazi. Hujitokeza baadaye katika ugomvi kuhusu mambo mengine kabisa.

Hali hii haiwahusu wanandoa peke yao. Ndugu wawili waliopanga nyumba pamoja mjini, wanafunzi wa chuo wanaoshiriki nyumba moja, au mzazi mzee anayehamia kwa mwanawe akiwa na kitanda na sanduku lake, wote hukabiliwa na jambo lilo hilo.

Tuchukue mfano wa bwana aliyezaliwa na kulelewa Lamu na bibi aliyelelewa Machakos. Wamefunga ndoa na kupanga nyumba ya vyumba viwili vya kulala jijini Nairobi. Bwana ana kiti cha enzi alichoachiwa na babu yake, kile cha mpingo chenye mgongo mrefu, kilichosukwa kwa kamba nyembamba na kutiwa vipande vya mfupa. Ana pia kasha la njumu na zulia jekundu lililokoza. Bibi naye ana makochi ya watu saba aliyoyanunua kwa akiba ya mishahara yake ya kwanza, kabati kubwa la ukutani la kuwekea runinga na vyombo, vitambaa vyeupe vilivyofumwa na mama yake mzazi, kigoda cha miguu mitatu na viondo viwili.

Kwa macho ya bwana, makochi hayo ni manene mno na yanameza chumba. Kwa macho ya bibi, kiti cha enzi ni kitu cha makumbusho: hakikaliki kwa starehe, na mgeni akikikalia huomba radhi na kuhamia kwingine. Wote wawili wanasema kweli. Je, wafanye nini?

Makosa matatu ya kawaida

Kosa la kwanza ni kugawa sebule nusu kwa nusu, upande huu vyombo vya bwana na upande ule vya bibi. Mgawanyo huo huonekana wa haki, lakini matokeo yake ni chumba kinachofanana na bohari au ukumbi wa mnada. Macho ya anayeingia huruka kutoka upande mmoja hadi mwingine bila kupata mahali pa kutulia, na kila anayeketi ni kana kwamba amechagua upande.

Kosa la pili ni mmoja kushinda. Mara nyingi anayeshinda ni yule aliyetangulia kuishi katika nyumba hiyo, au yule mwenye kipato kikubwa zaidi. Vyombo vya mwenzake huingia stoo "kwa muda", na muda huo huwa hauna mwisho.

Kosa la tatu ni kutupa vyote na kununua seti mpya dukani. Njia hii hupendwa na vijana kwa sababu inaepusha mjadala. Hata hivyo, ni ya gharama kubwa, na nyumba hubaki kama dirisha la duka la fanicha, isiyosema lolote kuhusu wanaoishi ndani yake. Zaidi ya hayo, badala ya mmoja kupoteza, wamepoteza wote wawili.

Funzo kutoka nyumba za Lamu

Wapo wanaodhani kuwa kuchanganya mitindo ni jambo la kigeni lililoletwa na majarida ya mapambo. Ukweli ni kwamba, nyumba zinazotajwa kuwa kielelezo cha utamaduni wa pwani zenyewe ni mchanganyiko.

Mji wa Kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2001, una majumba ya mawe ya matumbawe ambayo mengi ya yale mashuhuri yalijengwa katika karne ya 18. Dari zake zilishikiliwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazikuweza kuvuka nafasi pana, vyumba vilikuwa virefu lakini vyembamba, upana wake ukiwa chini ya mita tatu hivi. Ndani kabisa, kwenye chumba cha heshima, ukuta ulitengenezwa kwa lipu nyeupe ya chokaa na kujazwa zidaka, yaani vishubaka vilivyopangwa safu juu ya safu.

Katika zidaka hizo ziliwekwa sahani za kauri, zikiwemo zilizosafirishwa kutoka Uchina. Makasha yaliyopigiliwa njumu za shaba mengi yalitoka India. Mazulia yalivuka bahari kutoka Uajemi na nchi nyingine za mashariki, na mikeka ya miyaa ilisukwa na akina mama wa hapo hapo. Asili ya kiti cha enzi chenyewe imejadiliwa sana na wataalamu, baadhi wakiihusisha na Misri, wengine na Ureno au India.

Hata hivyo, anayeingia katika nyumba hizo, kwa mfano ile iliyohifadhiwa kama makumbusho mjini humo, haoni vurugu. Mambo mawili ndiyo yanayovileta vyombo hivyo vyote pamoja. Kwanza, ukuta ni mweupe na mtulivu, hivyo haushindani na kilichowekwa mbele yake. Pili, kila sahani ina kidaka chake. Imepewa fremu na nafasi ya kupumua, na umbo hilo la kidaka likarudiwa mara nyingi hata macho yakalizoea.

Bara nako hali ni hiyo hiyo. Inaelezwa katika historia ya uchongaji wa Wakamba kwamba Mutisya wa Munge, mkazi wa Wamunyu, alijifunza ufundi huo Tanganyika wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia, kisha akaurejesha kwao. Viondo vilivyosukwa zamani kwa nyuzi za magome ya miti, ukiwemo mbuyu, sasa husukwa kwa katani na hata sufi za madukani. Vitambaa vya kufuma vinavyotandikwa juu ya makochi katika nyumba nyingi za Kenya ni ufundi uliokuja na shule za wamishonari ukawa wetu.

Kwa hivyo, anayekataa kuchanganya kwa kuhofia kuuharibu mtindo "safi" wa kwao, anaulinda usafi ambao haukuwahi kuwepo.

Tafuta uzi wa kuunganisha

Vyombo viwili visivyofanana hupatana vikiwa na jambo moja la pamoja. Jambo hilo laweza kuwa rangi, mbao, umbo au namna ya kutengenezwa. Kanuni nyepesi ni kwamba uzi huo uonekane angalau mara tatu katika chumba. Ukionekana mara moja ni bahati, ukionekana mara tatu watu huona kuwa imekusudiwa.

Turejee kwa bwana na bibi wetu. Kiti cha enzi kimesukwa kwa kamba. Viondo vimesukwa kwa katani. Msuko ndio uzi wao, ingawa hawakuwa wameutambua. Wakiongeza taa yenye kifuniko kilichosukwa kwa ukindu, au mkeka mmoja ukutani, chumba kitaanza kuzungumza lugha moja. Kigoda cha miguu mitatu kikiwekwa kando ya kiti cha enzi, kishike kikombe cha kahawa au kitabu, vitu viwili vya kuchongwa kwa mkono kutoka pande mbili za nchi vitaonekana kama jamaa waliokutana.

Kwa upande wa rangi, wapambaji wengi hufuata kipimo cha 60, 30 na 10. Asilimia 60 ya chumba, yaani kuta na vyombo vikubwa, huwa na rangi tulivu. Asilimia 30, kama vile mapazia na zulia, hubeba rangi ya pili. Asilimia 10 inayobaki huachiwa vitu vidogo vyenye rangi kali. Katika mfano wetu, kuta zikipakwa rangi ya maziwa, wekundu wa zulia la bwana unaweza kuwa rangi ya pili, na weusi wa mpingo ukawa wa tatu.

Makochi yale yasitupwe. Fundi wa viti anaweza kuyavua kitambaa cha zamani chenye maua makubwa na kuyavisha kingine cha rangi ya mchanga, kisha yakaongezewa matakia mawili au matatu yenye wekundu wa zulia. Mbao za ndani zikiwa bado imara, kazi hiyo kwa kawaida hugharimu pungufu ya kununua makochi mapya, na bibi hubaki na kitu alichokitolea jasho. Si lazima pia viti vyote saba vikae sebuleni. Viwili vinaweza kuhamia chumba cha kulala au roshani yenye kivuli, mradi bibi mwenyewe ndiye atakayeamua ni vipi.

Vitambaa vilivyofumwa na mama mzazi vinahitaji uangalifu zaidi. Vikitandikwa juu ya kila mgongo wa kochi, hupotea kwa wingi wao, na mwenye mtindo mwingine huviona kuwa vurugu. Hapa funzo la zidaka lina manufaa. Viwili vilivyofumwa vizuri zaidi vitiwe katika fremu nyeusi zisizo na nakshi na kutundikwa ukutani, kila kimoja na nafasi yake. Kingine kitandikwe juu ya kasha la njumu. Vinavyobaki vifuliwe na kuhifadhiwa ndani ya kasha hilo hilo ili vibadilishwe mara kwa mara.

Kabati la ukutani laweza kupunguzwa. Mengi huundwa kwa vipande viwili, na fundi wa mbao anaweza kutenganisha sehemu ya juu na ya chini. Ya chini ibebe runinga. Ya juu, ikiwa itabaki, isijazwe glasi, vikombe vya zawadi na maua ya plastiki kwa pamoja. Kila rafu ipewe vitu vichache vyenye nafasi kati yao.

Mtindo mmoja uongoze

Mitindo miwili yenye nguvu sawa katika chumba kimoja huvutana. Ni heri mmoja uongoze kwa kiasi cha theluthi mbili, na mwingine uufuate. Lakini uongozi huo si lazima uwe wa mtu mmoja katika nyumba nzima. Sebule ikiongozwa na makochi na mazoea ya bara, chumba cha kulala kinaweza kuongozwa na kitanda cha besera na mapazia ya kikoi. Kwa njia hiyo hakuna anayeweza kusema nyumba ni ya mwenzake.

Vipimo navyo visipuuzwe. Kabla ya kuhamisha chochote, pima vyumba, milango na ngazi, kisha uchore ramani ndogo kwenye karatasi ya mistari ya mraba. Njia ya kupita watu iwe na upana wa sentimita 90 hivi. Kati ya kochi na meza ndogo iliyo mbele yake, sentimita 45 zatosha mtu kunyoosha miguu na bado akafikia kikombe chake. Picha zitundikwe kitovu chake kikiwa karibu sentimita 150 kutoka sakafuni. Kosa la watu wengi ni kuzitundika juu mno, karibu na dari.

Mwanga pia hubadilisha kila kitu. Balbu zenye mwanga mweupe wa baridi huifanya mbao nyeusi ionekane kama makaa na zulia jekundu lionekane limechujuka. Balbu zenye mwanga wa joto, za kati ya Kelvini 2700 na 3000, hupatanisha rangi za mbao tofauti. Taa mbili ndogo pembeni ni bora kuliko moja kali katikati ya dari.

Hali ya hewa ina neno lake

Si kila kigomvi cha mitindo ni cha macho tu. Vyombo vingi vilitengenezwa kufuata hali ya hewa ya mahali pake, na vikihamishwa hudai matunzo.

Mbao hunywa unyevu na kuutoa. Kiti kilichokaa miaka 60 katika hewa nzito ya Lamu kikipelekwa Nairobi, ambako hewa ni kavu zaidi, huanza kusinyaa. Viungo hulegea na nyufa ndogo zikatokea. Kisiwekwe karibu na meko wala mbele ya dirisha linalopigwa na jua la mchana. Kifutwe kwa kitambaa kikavu na kupakwa nta kidogo, wala kisipakwe vanishi nzito ya kung'aa, kwani hiyo huziba nakshi na kupunguza thamani ya kitu cha kale.

Wanaohama kutoka bara kwenda Mombasa au Malindi wana tatizo la kinyume chake. Makochi mazito ya mahameli yaliyokuwa raha katika baridi ya Limuru huhifadhi joto na unyevu pwani, na huweza kuota ukungu. Huko yafaa yavishwe pamba au kitani, yasogezwe mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite nyuma yake, na mazulia manene yapishe mikeka.

Nyumba ya kupanga

Wakazi wengi wa miji yetu hawana ruhusa ya kupaka rangi wala kutoboa kuta wapendavyo, kwani mwenye nyumba anaweza kukata gharama ya ukarabati kutoka kwa amana wanapohama. Hao wategemee zaidi vitu vinavyobebeka: mapazia, zulia, mito, taa za mezani na vitambaa. Leso au kikoi kilichokunjwa vizuri juu ya mgongo wa kochi hubadilisha sura ya chumba kwa gharama ndogo. Fremu kubwa huweza kuegemezwa ukutani juu ya kasha bila msumari wowote. Anayetaka kupaka rangi aombe ruhusa kwa maandishi na aihifadhi barua ya jibu.

Mazungumzo kabla ya lori

Hatua iliyo muhimu kuliko zote haihitaji fundi. Kabla ya siku ya kuhama, kila mmoja aandike orodha tatu: vitu asivyoweza kuviacha, vitu anavyoweza kujadili, na vitu ambavyo angefurahi kuondokana navyo. Orodha ya kwanza isizidi vitu vitatu. Wengi hushangaa kugundua kwamba kitu walichodhani mwenzao atakipigania kimo katika orodha yake ya tatu.

Vitu vitatu hivyo vya kwanza visijadiliwe kama vitaingia. Kinachoweza kujadiliwa ni mahali vitakapokaa. Kila mmoja aeleze pia kisa cha kitu chake: kimetoka kwa nani, na kilipatikanaje. Ni vigumu kuendelea kukiita kiti "kile kizee" baada ya kuelezwa kwamba babu alikikalia siku ya harusi yake. Ni vigumu vilevile kuyacheka makochi baada ya kujua yalinunuliwa kwa miezi mingapi ya kula chakula cha mchana cha mkate na chai.

Vitu vya ibada na picha za marehemu vinahitaji adabu ya pekee. Msala, msahafu, msalaba au picha ya mzazi aliyefariki visichukuliwe kuwa mapambo ya kuhamishwahamishwa. Vipewe pahali pake palipoafikiwa, na wageni wasiruhusiwe kuvitania.

Baada ya kuhama, msinunue chochote kikubwa kwa miezi mitatu ya kwanza. Ishini na mlivyo navyo. Mtajua ni kiti gani kila mtu hukimbilia jioni, ni kona gani haina mwanga, na ni meza ipi watu huigonga kwa magoti. Fedha itakayotumika baada ya hapo itatumika kwa jambo mnalolijua.

Na jamaa watakuja na maoni yao. Mama wa bibi atakapofika kutoka Machakos, huenda akatafuta vitambaa vyake juu ya makochi na asivione. Asiachwe aulize. Mkwewe, yule bwana wa Lamu, ndiye afaaye kumshika mkono na kumpeleka mbele ya ukuta zinapoonekana zile fremu mbili nyeusi, kisha amkaribishe aketi kwenye kiti cha babu, chenye takia mgongoni, huku chai ikiletwa na kuwekwa juu ya kigoda.